Mwalimu Aliyetufundisha Kuchukiana Jukwaani

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza, kwa hivyo ukikuta sentensi yangu imepinda, inyooshe mwenyewe ukipita. Mjukuu wangu alitaka kuninyooshea. Nikamwambia aondoe mkono kwa maneno yangu. Yeye yuko chuo kikuu, na ukikutana na mtu wa mtaa wetu ambaye hajui kwamba mjukuu wangu yuko chuo kikuu, basi mtu huyo amehamia jana. Lakini Mwalimu nilimjua mimi, si yeye. Sasa amelala kwao, ndiyo maana naandika. Angekuwa hai angenisahihisha mpaka kalamu inikimbie.

Alikuwa jirani yangu katika nyumba zile za kaunti za vyumba viwili na jiko dogo nyuma. Mrefu, mwembamba, suruali imepigwa pasi mpaka ule mkunjo ungeweza kukata mkate. Alikuwa amestaafu shule ya msingi zamani, lakini mtaa wote ulimwita Mwalimu. Hata kijana aliyempora simu karibu na soko alimwambia, "Pole Mwalimu, ni kazi tu." Mwalimu akampa simu, kisha akamwambia, "Lakini ukitaka kutisha mtu, usitetemeke magoti. Simama kwa visigino. Na usiombe msamaha kabla hujamaliza." Kijana akasema asante. Simu hakurudisha.

Mtu huyo ndiye aliyetufundisha, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwamba chuki ya watu wa nyumba moja hula nyumba mpaka misumari. Na ndiye huyo huyo aliyekaa nyumba moja na ndugu yake wa tumbo moja bila kumwambia hata habari ya asubuhi. Kati yao palikuwa na ukuta wa plaiwudi. Upande huu Mwalimu, upande ule ndugu yake, ambaye tulimwita Dereva kwa sababu aliendesha lori la mikate maisha yake yote. Jiko lilikuwa upande wa Dereva, kwa hivyo Mwalimu alipikia kwenye meko ya gesi miguuni pa kitanda. Choo na bafu tulikuwa tunatumia za nje sote, na hapo ungewaona: mmoja akitoka na ndoo, mwingine anarudi ndani na taulo lake begani, anasubiri, kama magari mawili kwenye daraja jembamba.

Sisi majirani tulikuwa na swali moja tu juu ya watu hao. Watasemezana kabla mmoja hajafa, au baada? Wengi wetu tulisema baada.

Katika michezo ya kuigiza ya Mwalimu mimi niliingia kwa njia ya matusi. Nilikuwa nimehamia karibuni kutoka Mukuru kwa Reuben, kijana wangu alipopata nyumba hii, na nilikuwa bado najiona mgeni, ninasalimia hata mbwa. Mchana mmoja nikamtuma mjukuu wangu unga, wakati huo akiwa bado mdogo. Unga haukufika. Nikamtafuta mpaka holi ya mtaa, na nikamkuta jukwaani amesimama akiwa mti. Nasema mti. Mikono juu, macho yamefumbwa, unga uko chini ya kiti. Nikasimama pale mlangoni nikawaambia wote waliokuwa ndani, wakubwa kwa wadogo, mama zao walikokosea. Sikurudia tusi hata moja. Nilipomaliza, mtu mmoja akaanza kupiga makofi.

"Mama," Mwalimu akasema, "ulikuwa wapi? Nimekutafuta sana."

Mimi nikadhani ni sauti yangu iliyompendeza. Kanisani naimba sauti ya kwanza, na nikianza watu hugeuka kuangalia. Nikarudi nyumbani nimefura kama andazi kwenye mafuta, hata nikasahau kumchapa mtoto. Baadaye sana ndipo nilimuuliza ni kitu gani hasa kilichompendeza katika sauti yangu.

"Sauti?" akasema. "Hapana, sauti tutavumilia. Ni ile chuki. Ilikuwa safi kabisa. Haikuwa na sababu ya maana ndani yake."

"Ilikuwa na sababu. Unga!"

"Ndiyo nasema."

Nimesema michezo, lakini ukweli ni kwamba mchezo ulikuwa mmoja. Alibadilisha majina, akabadilisha nguo, lakini ulikuwa ule ule. Familia mbili zinachukiana. Mwaka huu wanapigania kisima, mwaka ujao mpaka wa shamba, mwaka mwingine ni mbuzi aliyekufa hata kabla mchezo haujaanza. Vijana wa pande zote mbili wanajaribu kuishi. Wazee hawawaachi. Mwishowe vijana wamelala chini, mama mmoja yuko ndani ya jeneza, na wazee wamesimama wakiangaliana kama watu walioshuka kituo kisicho chao. Watazamaji walilia, wakapanguza macho, wakapenga kamasi, wakaenda nyumbani kugombana.

"Mwalimu," nilimuuliza siku moja, "kwani hujui mchezo hata mmoja wa kuchekesha?"

"Huu unachekesha sana," akasema. "Shida ni kwamba mtu huelewa pa kucheka akiwa amechelewa."

Alinipa nafasi ya mama wa upande mmoja, yule anayemwagia watoto wake sumu ya maneno mpaka wanakwisha. Mama wa upande wa pili alikuwa Mama Zuhura, anayeuza mahamri pale kona. Mimi ni Mkristo wa kanisa la ngoma, yeye ni Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani, na kabla ya hapo tulikuwa tumewahi kusemezana mara moja tu, nilipomwambia mahamri yake yana hewa nyingi.

Sasa sikiliza namna Mwalimu alivyofanya kazi. Kabla ya mazoezi, wawili waliopangwa kuchukiana lazima wale sahani moja. Githeri ya mahindi, au wali na maharagwe, sahani moja, magoti yanagusana. Sisi tulidhani anataka tupatane.

"Kupatana?" akashangaa. "Mkipatana nitafanya nini na nyinyi? Nataka umwangalie anavyotafuna. Chuki ya mtu usiyemjua ni hasira tu, ukinywa maji inashuka. Chuki yenyewe inataka mtu unayejua anavyokoroma."

Tulicheka. Hatukufikiri amelijulia wapi hilo. Plaiwudi haizuii mtu kukoroma.

Basi nikamwangalia Mama Zuhura anavyotafuna. Nikajua husukuma maharagwe magumu upande wangu kwa kidole cha mwisho, akijifanya anapanga. Nikajua humeza kabla hajamaliza na kisha hukunja uso kana kwamba ni kosa la mpishi. Naye alikuwa ananisoma mimi. Siku ya mchezo, nilipomsogelea nikamwambia, "Wewe mwanamke, hata ukimeza mate unanikosea," holi yote ilipoa. Mama Zuhura naye akanijibu kwa maneno ambayo hayakuwa ya mchezo, kwamba mimi hunusa chakula kama afisa wa forodha. Tulipotoka nje tukashikana mikono, tukaenda kunywa chai kwake, na mpaka leo ni rafiki yangu kuliko dada zangu. Sijawahi kumchukia mtu vizuri hivyo tena.

Sasa nijisifu kidogo. Mimi nilikuwa mwigizaji mkubwa. Hivyo ndivyo nilivyojiona. Kusoma maneno kwa haraka sikuweza, kwa hivyo mjukuu wangu alinisomea jikoni, nami nikayashika, na nikishayashika niliyaona ni kama vile wali mweupe: vizuri, lakini haukosi kuhitaji kitu juu. Nikaongeza. Mwalimu alikuwa ameandika kwamba mama anaanguka na kufa. Mimi nilianguka, nikainuka, nikawaaga watoto mmoja mmoja, nikaagiza habari za kuku, nikaanguka tena, nikamwomba Mungu msamaha kwa niaba ya wilaya nzima, nikainua mkono mmoja. Kutoka nyuma ya pazia nikasikia sauti ya Mwalimu, chini chini, ya mtu anayeumwa jino:

"Mama, kufa. Watu wana kazi kesho."

Nikafa. Lakini kwa hasira.

Halafu ndiyo waliniweka kwenye jeneza. Na jeneza letu, niwaambie, halikuwa la kadibodi. Lilikuwa la mbao ngumu zilizopakwa vanishi, vishikio vya shaba, na ndani kitambaa cheupe kilichokunjwakunjwa vizuri kama keki ya harusi. Nikajiambia, unaona sasa, hapa wanajua heshima ya mtu. Ilikuwa ule mwezi wa baridi, holi ni saruji tupu, na mle ndani kulikuwa na joto la kupendeza. Nilikuwa nimeamka mapema kufua. Nikalala. Na nikakoroma.

Fikiria. Familia mbili zimezunguka maiti, zinalia kwa uchungu, vijana wamekwisha, na maiti inakoroma kama lori linalopanda mlima. Watu walianguka kutoka kwenye benchi. Mama Zuhura ndiye aliyeokoa siku. Alininyooshea kidole akapaza sauti, "Muoneni! Hata kifo kimeshindwa kumnyamazisha!" Mchezo ukaendelea. Mjukuu wangu hakunisemesha kwa wiki nzima. "Shosho umetuchoma," yaani nyanya yangu umetuaibisha, ndilo neno pekee nililopata, na hata hilo alilisemea mlangoni.

Nilijua Mwalimu atanifukuza. Watu walipoondoka nikamkuta amepiga magoti kando ya jeneza, anapanguza vumbi la viatu vyangu kwenye kile kitambaa kwa leso yake mwenyewe.

"Uliota nini mle ndani?" akaniuliza.

"Sikuota kitu, Mwalimu. Nililala tu."

"Kulikuwa kuzuri?"

"Kulikuwa na joto."

"Vizuri," akasema. Akafunga kifuniko polepole, kama unavyofunika mtoto uso usipigwe na upepo.

Nikatoka nje nikamwambia Mama Zuhura, huyu mtu ana nini leo? Akaniangalia kama mtu anayemwangalia kuku anayetembea mezani.

"Kwani hujui ulikuwa umelala ndani ya nini?"

Ndipo akanieleza, na mimi nitaeleza kama alivyonieleza, maana haya yalitokea kabla sijahamia.

Nyumba ile ilikuwa ya mama yao. Akaugua. Mwalimu alitaka aende hospitali, alikuwa ameshamtafutia kitanda na gari lilikuwa nje. Dereva alitaka ampeleke nyumbani mashambani, kwa sababu mama mwenyewe alikuwa amemwambia, "Nipeleke kwetu." Wakamvisha koti, wakamkalisha kwenye kiti cha sebuleni, mfuko wake wa nguo sakafuni. Mwalimu akashika mkono mmoja wa mfuko, Dereva akashika wa pili. Wakaanza kubishana pale juu ya kichwa chake. Walianza kwa chai ya asubuhi. Majirani waliingia, wakatoka, wakaingia. Mchana ukapita. Nani alimpenda zaidi, nani alikuwa hayuko baba alipokufa, nani alikula nini mwaka gani. Walipogeuka kumuuliza mama yeye mwenyewe anataka nini, mama alikuwa ameshakufa, koti mwilini, amekaa wima.

Mwalimu akasema Dereva ndiye aliyemuua. Dereva akasema ni Mwalimu. Hayo ndiyo maneno ya mwisho waliyoambiana.

Mazishi yakawa na kamati mbili. Moja ilikaa sebuleni, nyingine ilikaa chumbani, na watu waliokuja kutoa pole walitoa mara mbili, wakanywa chai mara mbili. Mambo yao yalipangwa kwa siri, kila upande ukimficha mwenzake, hivi kwamba siku ya kuchukua maiti yalifika mochari magari mawili na majeneza mawili. Yule mhudumu wa mochari akatoka, akaangalia huku, akaangalia huku, akauliza kwa heshima, "Samahani, marehemu ni wangapi?"

"Sisi kwetu," Mama Zuhura akaniambia akijifunga leso, "hakungekuwa na shida hiyo. Sanda ni sanda."

Wazee wa ukoo wakaamua pale pale uani. Mama ataingia kwenye jeneza la Dereva kwa sababu safari ni ya mashambani na yeye ndiye anayejua barabara. La Mwalimu likabaki. Kulirudisha kwa seremala hakuweza, kuliweka nyumbani hakuweza, basi akaliomba stoo ya holi. Likakaa pale likipata vumbi. Mwaka uliofuata akaanza mchezo. Watu wengine wakiwa na mchezo hutafuta jeneza la kutumia. Yeye alikuwa na jeneza, akalitungia mchezo.

Na mimi ndiye niliyekoroma ndani yake. Nilikwenda nyumbani nikakaa kitandani na viatu.

Baada ya kuyajua hayo, maneno yake mengi yaligeuka kichwani mwangu. Kwa mfano, alikuwa na neno moja alilolirudia mpaka tulichoka: "Msiseme na watu wa mbele. Hao wamekuja kuangalia viatu vyenu. Semeni na mtu wa nyuma kabisa." Sisi tukapiga kelele, tukidhani ni suala la masikio. Mchezo uliofuata, nilipokuwa nimelazwa, nikafungua jicho moja juu ya ukingo wa jeneza. Najua maiti haipaswi, lakini mimi umbea siwezi kuushinda. Kule nyuma kabisa, amesimama karibu na mlango, kofia mkononi, alikuwa Dereva. Huingia mapazia yakishavutwa, na hakuna anayemwona ila maiti. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa anayajua maneno yote.

Mwisho wa mchezo, wazee wa pande mbili wanatakiwa kushikana mikono juu ya jeneza. Hapo Mwalimu hakuwahi kutufanyisha mazoezi hata siku moja. "Hapo mtafanya mnavyoweza," alisema, "mimi sijui." Na mahali hapo pakifika alitoka nje kwa mlango wa jukwaani. Siku hiyo niliona Dereva naye akitoka kwa ule mlango aliosimama karibu nao. Waliokuwa nje waliniambia kila mmoja alisimama kwenye kivuli cha upande wake wa holi, mpaka makofi yakaisha.

Usidhani nilimwona Mwalimu ni mtu wa kuonewa huruma tu. Alikuwa na roho ngumu. Mke wa Dereva alichoka, akachukua watoto akahamia mtaa wa Lucky Summer. "Niliolewa na mwanamume," aliwaambia majirani akifunga godoro, "sikuolewa na ukuta." Mwalimu, ambaye alimfundisha kusoma karibu kila mtoto wa mtaa, hakuwafundisha wale hata herufi moja. Miaka ikapita. Siku moja nikiwa dukani akaingia kijana mrefu, ana adabu, amekuja kumtembelea baba yake, akamwachia Mwalimu nafasi mbele. Mwalimu akafurahi. "Asante, kijana. Wewe ni mtoto wa nani?" Aliuliza kweli, hakumjua. Kijana akasema, "Mimi ni wa Dereva." Mwalimu akatoka dukani, akaacha maziwa yake juu ya kaunta. Nikayachukua nikampelekea. Hakufungua mlango.

Hapo ndipo mimi, mwenye darasa la tatu kasoro, nikaamua kuwapatanisha. Niseme nini? Nilikuwa nimekufa jukwaani mara nyingi kwa ajili ya chuki, nikajiona mtaalamu. Nikaenda kwa Dereva nikamwambia Mwalimu ameanguka, hali si nzuri, anakuita. Nikazunguka nikamwambia Mwalimu kwamba Dereva ameanguka, hali si nzuri, anakuita. Kisha nikasimama pale uani, kati ya milango yao, mikono kiunoni, nikisubiri walie.

Milango ikafunguliwa pamoja. Dereva ametoka na soksi moja. Mwalimu ametoka na sabuni ya kunyolea shavu moja. Wakaonana, wote wazima kama chuma. Wakasimama. Halafu, polepole, vichwa vyote viwili vikageuka kuniangalia mimi. Sijawahi kuona watu wawili wakikubaliana hivyo. Milango ikafungwa kwa mpigo mmoja.

"Angalau umewakutanisha," Mama Zuhura akaniambia.

Kwa muda mrefu baada ya hapo nilisalimiwa na pande zote mbili kwa kichwa tu.

Mara ya mwisho nilipokaa na Mwalimu ilikuwa msimu wa mvua, mwaka uliopita. Moyo wa Dereva ulikuwa umechoka, safari hii kweli. Hospitali ilimrudisha na dawa na masharti: asile chumvi, asibebe ndoo, na asipige kelele wala kupigiwa. Kijana wake alikuwa ananunua dawa mjini. Asubuhi hiyo Mwalimu akagonga kwangu, amevaa koti, akakaa juu ya mtungi wa plastiki wa maji jikoni kana kwamba ni kiti cha ofisi.

"Mama, nataka unisikilize maneno yangu. Wewe uwe yeye."

"Niwe nani?"

"Yeye."

Alikuwa hajalitaja jina la ndugu yake mbele yangu hata siku moja. Nikaweka kijiko chini. Nikalegeza mabega, nikawa Dereva. Mwalimu akasimama, akakohoa.

"Ndugu yangu mpendwa," akaanza, "baada ya kutafakari kwa kina, na kwa kuzingatia hali yako ya afya..."

"Mwalimu, hiyo ni hotuba ya mbunge."

Akaanza upya. Ikawa mbaya zaidi. Mtu aliyetufundisha sisi sote kusimama, yeye mwenyewe alisimama kama ufagio. Mikono hakujua aiweke wapi. Angekuwa mwanafunzi wake angemfanya mti.

"Unaogopa nini?" nikamuuliza. "Ni mtu unayesikia akigeuka kitandani."

Akaangalia sakafu. "Naogopa atasema ni mimi niliyemuua mama."

"Si alishasema?"

"Alisema nikiwa na hasira, sikusikia. Sasa nitasikia. Na nimefikiri sana, Mama. Naona ni kweli. Gari lilikuwa nje tangu asubuhi. Ningeachilia tu ule mfuko."

Mimi huongeza maneno kwa kila kitu, hata kwa Baba Yetu. Siku hiyo niliongeza sukari kwenye sufuria tu. Nikamimina chai. Nikampa. Akaishika hakuinywa. Mwishowe nikasema lile lililokuja, na lilikuja bila kupigwa pasi.

"Basi mwambie na yeye alimuua. Mgawane."

Nikafikiri sasa nimeharibu kabisa, huyu atarudi kwake afe na kiburi chake. Akaweka kikombe chini, akafunga kifungo cha koti, akatoka. Hakupitia kwake. Alikwenda moja kwa moja mlango wa pili, akagonga, akaingia.

Habari za mtaa wetu hazihitaji simu. Kabla chai yake haijapoa, kila mwanamke wa mstari wetu alikuwa amepata kazi ya kufanya nje. Mama Zuhura alileta ungo akaanza kuchambua mchele ambao najua ulikuwa umechambuliwa. Mwingine alianika nguo kavu. Tulisubiri ugomvi. Tulikuwa tumeusubiri miaka, na sasa tulikuwa na hofu, kwa sababu ya ule moyo. Kelele moja tu ingetosha, na tungekuwa tunarudi mochari.

Hakukuwa na kelele. Hakukuwa na kitu. Tukasubiri mpaka Mama Zuhura akaishiwa na mchele. Nikaona siwezi. Nikasogea, kama mtu anayepita tu, nikaweka sikio mlangoni.

Walikuwa wanagombana kwa kunong'ona. Wazee wawili, kwa sababu daktari amekataza kelele, wananong'onezana matusi ya miaka yote hiyo. Ugomvi mkubwa kuliko wote wa mtaa huu, na mimi, maskini, nilishika neno moja moja tu. "Wewe ulisema, chai ya asubuhi ikiwa bado mezani." Halafu kikohozi. "Hapana, pumua kwanza." Halafu, "Nimepumua. Ulisema." Nikalisukuma sikio zaidi. Mlango ukafunguliwa, nikaingia na kichwa mbele mpaka kifuani kwa Mwalimu.

Macho yake yalikuwa mekundu. Koti alikuwa amelivua.

"Unataka nini, Mama?"

"Nimeleta uji."

Akaangalia mikono yangu. Na mimi nikaiangalia. Ilikuwa mitupu.

Kule ndani Dereva alikuwa ameegemea mito, jasho usoni, kidole bado kiko juu kama mtu aliyekatizwa katikati ya neno. Mwalimu akanishika bega akanigeuza, taratibu, akanielekeza nje kwa Mama Zuhura na ungo wake. Nyuma yake nikasikia ile sauti ndogo ya mgonjwa, ina haraka, haitaki kupoteza mahali ilipofika:

"Mwambie arudi kesho. Hapa tulipofika, mama yetu bado yuko hai."